Ukoo Uliobofya Matangazo

Sikilizeni ya Kuchakulo, aliyeacha kukusanya karanga msimu mzima ili aandike blogu. Ghala lake lilikuwa tupu. Tegemeo lake lilikuwa malipo ya Ijumaa kutoka kwa Bundi, mwenye matangazo, anayemlipa kila mara msomaji anapobofya tangazo.

Jumatano, wasomaji wakapotea. Kuchakulo, roho ikiwa juujuu, akawatumia ndugu zake ujumbe: "Bofyeni matangazo, jamani, wanangu wasilale njaa!"

Ukoo mzima ukabofya. Alhamisi Bundi akapiga simu.

"Hongera, bwana. Matangazo yamebofywa mara elfu tatu, na wote waliobofya wako mti mmoja."

Kuchakulo akajitetea: "Ni wasomaji wangu, mheshimiwa."

"Wamesoma nini? Hakuna aliyekaa hata dakika! Huo ni udanganyifu. Akaunti nimeifunga, na hata ulichochuma kihalali hulipwi."

Kuchakulo alishuka mtini. Chini ukoo ulikuwa ukimsubiri kwa vigelegele. Shangazi yake akamnyooshea makucha yaliyolika.

"Tumekupigania, mwanangu! Haya, kesho tuanze saa ngapi?"