Jogoo wa Mtani

"Hodi, wafiwa!"

Mwanvita aliinua uso kutoka kwenye ungo wa njegere. Mzee asiyemjua alikuwa amesimama uani, jembe begani, kitambaa cheupe kwapani.

"Umepotea, baba. Hapa hakuna msiba."

"Kwa Halidi si hapa? Mimi Kondo, mtani wenu wa upande wa mama. Mumeo kaniita nije kumzika Mwanvita."

Mwanvita akacheka mpaka njegere zikamwagika. Mgeta nzima hakuna mtani anayefika kwa watu bila kumzika mmoja wao kwa mdomo.

"Shikamoo, mtani. Mwanvita ndiye mimi."

"Marahaba, marehemu. Naona wafu wa siku hizi wana bidii."

"Na hiyo sanda mbona kama leso? Haifuniki hata goti."

"Nimeambiwa maiti ni mdogo."

"Muongo mkubwa! Umefuata ubwabwa wa watu."

"Ubwabwa na kuku, usisahau haki yangu."

"Haya, nionyeshe huyo maiti, nikupe yule jogoo. Ahadi."

Jogoo mwekundu alikuwa akiparua chini ya migomba. Kondo alimkagua kwa macho, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akavuta kigoda.

Mwanvita alikihitaji kicheko kile. Kwa miaka minne ugonjwa ulikuwa ukila ubongo wake, na madaktari wa hospitali moja mjini Morogoro wakiutoa kidogo kidogo. Kila sehemu iliyokufa ilitolewa, na mahali pake kikawekwa kifaa kisichozidi punje ya njegere, kilichojifunza kazi ya kile kilichotoka. Alikwenda safari tisa. Ile ya mwisho, wiki moja kabla ya Ramadhani, walimlaza usingizi ili wampige picha tu. Ndivyo Halidi alivyomweleza alipozinduka. Kilikuwa kimebaki kipande kimoja cha ubongo wake mwenyewe.

"Hicho wasikiguse," alikuwa amemwambia mumewe. "Kikitoka, mimi sipo. Atakayeamka ni mgeni mwenye sura yangu. Bora nife na changu, unizike kwa mama."

Halidi aliapa, mkono wake juu ya kaburi la mkwewe.

Jumatatu kulikuwa na miadi hospitalini, na Mwanvita alikwisha kuamua. Angewaambia madaktari uso kwa uso: basi, inatosha.

Hadi siku hiyo ifike, alijilinda kwa njia yake. Kila alfajiri, jogoo yule alipowika, kabla hata ya kufumbua macho, alitaja majina saba ya mabibi wa ukoo wake, kutoka kwa mama yake hadi yule wa kwanza aliyepanda mlima na mtoto mgongoni. Akimaliza bila kukosea, alijua bado ni yeye. Leo pia alimaliza.

Halidi akatokea njia ya bondeni, mikononi ameshika kopo dogo la bati. Alipomwona mgeni, alisimama ghafla.

"Nilikwambia kesho, mzee. Akiwa gulioni."

Kondo aliinuka kigodani. Alimtazama mume, akamtazama mke.

"Kumbe hajui?"

Mwanvita alisimama, maganda ya njegere yakadondoka kutoka kwenye khanga yake.

"Hajui nini?"

Ukungu ulikuwa ukishuka polepole juu ya matuta ya kabichi.

"Nipe hilo kopo, Halidi."

"Ungekufa, mke wangu. Walisema usingemaliza hata mwezi. Ningefanyaje?"

"Nipe."

Alimpa. Lilikuwa jepesi kuliko alivyodhani. Ubavuni limebandikwa karatasi ya hospitali: jina lake, sahihi ya mumewe, maneno "kipande cha mwisho", na tarehe. Wiki moja kabla ya Ramadhani.

Mwanvita alifumba macho. Akataja majina ya mabibi zake, moja baada ya jingine, kwa sauti, yote saba. Hakukosea hata moja.

Kisha alikwenda migombani, akamkamata jogoo, akamkabidhi mtani wake, kama alivyoahidi.