Kireno cha Ermelinda

Pale kijijini Tutuala, Ermelinda peke yake ndiye aliyemwelewa yule mgeni wa Kireno, kwa kuwa alifundishwa Kireno na masista.

“Muulize kama samaki kampendeza,” mumewe alisema, mkono mzito umemlalia mkewe begani.

Ermelinda akamtabasamia mgeni. “Dada, kesho nitoe hapa kwa gari lako. Huyu bwana haniruhusu kupita kisimani.”

Kipande cha samaki kilimponyoka mgeni, mchuzi wa ukwaju ukamrukia kifuani. Alijifuta taratibu, halafu naye akatabasamu.

“Huwa anaamka saa ngapi?”

“Kasemaje?” mume aliuliza, vidole vikibana.

“Anauliza kama amebaki mwingine.”

“Mwambie wapo tele, ale mpaka ashibe!”

Ermelinda akamgeukia mgeni. “Jogoo akiwika, utanikuta barabarani.”