Sekunde Tatu za Bi Mashavu

Kwa miaka thelathini Mhandisi Machano alizunguka viwandani na saa yake ya kupimia, akifuta kila mwendo wa mkono usio na kazi. Asubuhi hiyo alisimama nyuma ya Bi Mashavu, mkunjaji wa mablanketi. Mama huyo alikunja blanketi, akalikumbatia kifuani, ndipo akaliweka juu ya mengine. Likaja jingine, akalikumbatia vilevile.

"Bi Mashavu, hapo katikati unapoteza sekunde tatu," alisema Machano. "Nikiziandika, wenye kiwanda wataleta mashine ikunje badala yako."

"Ziandike, baba. Ila likitoka huko mitamboni huwa la baridi. Siwezi kumpelekea mtu baridi."

Machano alicheka. Akaweka saa mezani, akachukua blanketi moja amwonyeshe njia ya mkato, akalikunja, na kabla hajajua anafanya nini, likawa kifuani pake. Lilikuwa la baridi kweli. Vumbi la sufu lilielea kama ukungu, na mngurumo wa mitambo ukawa kama unatoka mji mwingine.

Bado amelikumbatia, akavuta fomu yake ya hatua za kazi. Kati ya "kukunja" na "kupanga" akaandika: "kupasha joto." Safu ya muda akaiacha tupu. Mezani, saa iliendelea kuhesabu.