Ufunguo wa Mbwana

Maji ya mgodi ule yalikuwa ya buluu, na ukizamisha humo msumari wa chuma, baada ya wiki unautoa umevaa shaba. Usibishe, nenda kajaribu. Mgodi ulipofungwa watu walihama, jangwani likabaki lori la mwisho na Mwasiti, ambaye mumewe, Mbwana, alizama humo asipatikane.

Wiki nzima Mwasiti alikuwa ameuning'iniza ufunguo wa nyumba majini kwa kamba.

"Mtu akirudi kwake, ataingiaje?" alimuuliza dereva wa lori.

"Shemeji, maiti hafungui mlango," dereva alimcheka. "Panda twende!"

Mwasiti akafunga nyumba kwa ufunguo wa pili, akaenda kuivuta kamba. Ikaja tupu. Haikukatika; fundo lilikuwa limefunguliwa taratibu, kama afanyavyo mtu asiye na haraka.

Akapanda lori. Lori lilipofika mbele ya nyumba yake, dereva mwenyewe akakanyaga breki.

Mlango ulikuwa wazi. Ufunguo ulining'inia kwenye kitasa, mwekundu wa shaba, ukidondosha maji ya buluu mchangani.

"Shemeji," dereva alinong'ona, "nikungoje?"

Mwasiti alikuwa keshashuka, anavua viatu kizingitini, kando ya buti mbili za mgodini zilizolowa.