Shikamoo Iliyochelewa

Sogeeni wajukuu zangu, na wewe unayetafuna mua tema kwanza, nataka kimya.

Mvua ilibomoa kilima, ikamfukia Mama Panya na wanawe shimoni. Mhanga akachimba upande huu, Nungunungu upande ule, wapate kuwahi. Walipatana kwamba ukuta wa mwisho habomoi mtu mpaka wasemezane, udongo usije ukawaangukia walio ndani.

Wakafika wote, kila mmoja kwenye ukuta wake.

"Mama Panya," akasema Mhanga, "mwambie huyo kijana aniamkie kwanza, nimemzidi umri. Ndipo tuongee ya kazi."

Mama Panya akageuka, akapeleka maneno upande wa pili.

"Umri gani?" akajibu Nungunungu. "Mimi ni mjomba wake! Mwambie mpwa wangu asinikosee adabu."

Akayarudisha. "Baba zangu, hewa inakwisha huku. Amkianeni, jamani!"

"Aanze yeye."

"Mwambie aanze yeye."

Akapeleka, akarudisha, sauti ikipungua, mpaka ikakatika.

Hapo wakashtuka, wakasema kwa pamoja, "Shikamoo!" Hakuna aliyeitikia. Wakabomoa, wakamkuta amekufa, amewakumbatia wanawe. Mmoja tu alikuwa bado anapumua.

Nungunungu alirithi miiba inayolia, asikike kabla hajafika. Mhanga alirithi kuchimba peke yake. Na yule mtoto alirithi shimo la milango miwili, pamoja na ile sauti nyembamba ya mama yake.