Funza wa Bi Siwatu

Bi Siwatu alilipasua boga lake uani, akaingiza vidole ndani. Mbegu! Zilijaa tele, nyeupe, zimeshikana kwa utelezi. Kwa miaka arobaini hapakuwa na tunda lenye mbegu nchini. Ukitaka mche, uende Idara ya Miche ukaombe. Lakini marehemu mama yake alimwachia kibuyu cha majivu, na ndani ya majivu mbegu tatu. Moja ilikubali kuota.

"Hodi humu!"

Kidawa, mkaguzi wa bustani, alikwisha kuingia. Alilichungulia boga, akaruka nyuma kama aliyekanyaga nyoka.

"Bibi! Hili limeingia funza!"

Siwatu alimtazama. Maskini, mtoto wa watu hajaona mbegu tangu azaliwe.

"Funza, mwanangu," akakubali kwa sauti ya msiba. "Tena wengi. Sasa nifanyeje?"

"Wafukie leo hii. Usiwarundike shimo moja, watazaana. Watawanye!"

"Nimesikia. Amri ya serikali nani ataipinga?"

"Nitarudi baada ya miezi mitatu nihakikishe hakuna aliyesalia hai."

Mkaguzi alipotoka tu, Siwatu alishika jembe. Alifukia mbegu ua mzima mpaka nyuma ya choo, huku akipiga vigelegele peke yake kama mama wa bibi harusi. Zilipobaki mbegu tatu, ndipo alipokumbuka kwamba miezi mitatu ya mkaguzi ndiyo siku za boga kukomaa.

Vigelegele vikakatika. Akazirudisha zile tatu kibuyuni, akazifunika majivu.