Mipapai Kumi ya Hakizimana

Nyuma ya jiko lake, Swafiya alikuwa na mipapai kumi ambayo hakutaka kumuuzia mtu yeyote. Kila mmoja ulisimama katika debe lake la mafuta, kimo cha mtu mzima, mashada ya maua meupe yakining'inia kama shanga. Watu waliichungulia juu ya ua, wakaiulizia, wakaambiwa ina mwenyewe.

Mwenyewe alikuwa bado hajui.

"Miche mingine unaiuza ikiwa kimo cha kidole, hii unaifuga kama ng'ombe," jirani yake Mukandekezi alimwambia. "Na yote dume! Mpapai dume hauzai hata uumwagilie maziwa."

"Najua."

"Sasa unamwekea nani?"

"Hakizimana."

Mukandekezi akaacha kucheka.

Hakizimana, mfanyabiashara wa viazi kutoka Ruhengeri, alikuwa mume wa Swafiya kwa miaka saba. Siku ya talaka, mwaka wa 1976, alisimama mbele ya wazee wa msikiti akasema: "Nimemwagilia miaka saba. Mti huu hauzai." Jua halikuzama kabla maneno hayo hayajauzunguka mtaa wote wa Nyamirambo.

Swafiya alirudi kwenye kiwanja cha marehemu baba yake, akafungua kitalu: nyanya chungu, mchaichai, mipera, kila kitu kinachoupenda udongo mwekundu wa Kigali. Miche ilishika vizuri. Lakini wanawake walipita mlangoni pake wakashuka kununua mtaa wa Kimisagara, kwa sababu mkono wa mwanamke tasa, walisema, hukausha mbegu. Mwaka wa pili huo sasa. Kama jina lile la utasa lisingemtoka, kitalu kingekufa.

Nyumba mpya ya Hakizimana ilitazamana na msikiti, na mtaa mzima ulijua kwamba alikuwa akitafuta miti ya kupanda kando ya ukuta. Swafiya alitaka Ijumaa moja tu. Watu watoke kusali, wayakute madume kumi yamejipanga kwa Hakizimana, maua tele, tunda hakuna. Watu wa Nyamirambo hawahitaji kuambiwa dume ni lipi. Wangecheka wenyewe, na wangejiuliza wenyewe ni nani hasa aliyekuwa hazai.

Hakizimana hangegundua. Ruhengeri ni baridi. Papai huko hufika likiwa tayari kwa kisu. Na katika miaka saba ya ndoa hakuwahi kugusa jembe.

Alikuja Jumamosi, tumbo mbele, mke mpya nyuma. Mukabalisa alikuwa binti wa miaka ishirini hivi, macho chini, kitenge kipya. Swafiya alikichukia hata kivuli chake.

"Amakuru, Mama..." Hakizimana alisalimu, kisha akajipiga kofi kwenye paji la uso. "Nisamehe. Nimesahau, wewe si mama wa mtu."

"Karibu, Bwana Hakizimana."

"Huyu ndiye iko nanisumbua na mapapai. Mimi ningepanda mikalitusi, kazi kwisha." Akamtupia mkewe jicho. "Miaka mbili namwagilia, naye hakuna kitu. Basi angalau miti izae!"

Alicheka peke yake.

Swafiya alikuwa ametayarisha maneno matamu ya kumvuta mpaka nyuma ya jiko. Hakuyahitaji. Mukabalisa aliipita miche yote, akalizunguka jiko, akasimama mbele ya madume.

"Hii," alisema.

"Ee! Iko na maua mingi!" Hakizimana alilishika shada, akalipima mkononi. "Ikizaa yote hii, tutagawia hata majirani. Chukua yote."

Kisha akauona mwingine uliosimama kando, nje ya ile kumi, shina nene, vimaua viwili tu vimelikumbatia shina.

"Na hii? Iko na nguvu."

Swafiya akasogea kuuziba. Ule ulikuwa jike. Jike moja likiingia kati ya madume lingejaa matunda mpaka shingoni, na mtaa ungemsifu mkulima Hakizimana.

"Maua mbili tu, ya kazi gani?" Mukabalisa alisema kwa sauti ndogo. "Hiyo iache."

Mumewe akaguna, akauacha, akatoka barabarani kutafuta wabebaji.

Swafiya akashusha pumzi. Mungu akitaka kukulipia, aliwaza, humtumia hata mjinga. Alimtazama binti yule akiyapanga madebe, moja baada ya jingine, kwa uangalifu kama anayepanga mayai, na hakuweza kujizuia. Alitaka kukionja kisasi kidogo kabla hakijaiva.

"Umechagua vizuri sana, mdogo wangu," alisema, akitabasamu. "Na wewe pia kwenu Ruhengeri, kule kwenye baridi?"

Kwa mara ya kwanza Mukabalisa aliinua macho.

"Hapana, dada. Mimi wa Bugarama. Kwetu ni joto, mapapai yanaota hata jalalani." Akatazama upande wa barabara, akasogea karibu, akaishusha sauti. "Una madume mengine?"